Damu ya Jogoo Kwenye Kioo cha Yotham

Saa kumi na mbili na nusu asubuhi, upepo wa Dodoma umeshaamka kabla ya watu. Yotham anafunga dirisha la upande wa stesheni, anaziba mwanya wa mlango kwa gunia, kisha anakaa kwenye kigoda kusubiri vumbi litue. Kazi yake na vumbi ni paka na panya.

Mezani vimepangwa vipande kumi na vinne vya kioo, kila kimoja upana wa vidole viwili, na juu ya kila kimoja kuna doa jembamba la damu ya ng'ombe iliyokauka. Anavitumbukiza kwenye spiriti, anavitoa, anavimwagia rangi ya samawati iliyochanganywa na nyekundu. Hapo anaanza kuimba.

Haimbi kwa furaha. Ofisi hii ya daktari wa mifugo ina saa moja tu, na Bwana Daktari huivaa mfukoni. Basi Yotham hupima muda wa rangi kwa wimbo wa kanisani: beti zote, mara sita, bila kukimbia.

"Nikiimba haraka, damu haishiki rangi," anasema. "Nikisinzia nikaimba mara nane, kila kitu kinakuwa cheusi kama sufuria. Wimbo ni mara sita. Mungu mwenyewe amezoea."

Kisha anasuuza vioo kwa maji ya mvua, si ya kisima. Maji ya visima vya Dodoma yana chumvi, na chumvi huiharibu rangi. Kwa hiyo kuanzia masika hadi masika Yotham hulinda mitungi mitatu ya maji ya mvua, yenye vifuniko vya mbao na kufuli. Wapagazi wa stesheni wanamtania kwamba ameficha pombe ya uwele. Mmoja aliwahi kuvunja kufuli, akanywa, akaenda zake amenuna.

Yotham ni Mgogo wa Msalato, mwenye umri wa miaka ishirini na sita kwa makadirio yake mwenyewe. Alijifunza kusoma misheni. Reli ya Mdachi ilipofika Dodoma, miaka mitatu iliyopita, alikuja kubeba mawe ya tuta. Mawe yalipokwisha, Bwana Daktari alitafuta mtu wa kuosha vioo, mtu mwenye mikono isiyotetemeka. Yotham alipewa kazi hiyo kwa rupia tisa kwa mwezi, na mpaka leo mshahara ni huo huo, ingawa kazi si ile ile.

Ilibadilika siku moja mchana, Bwana Daktari alipokwenda kula na kuiacha darubini yake mezani. Yotham akainama akachungulia. Aliporudi, mwenye darubini alimkuta bado ameinama.

"Unaona nini?" Mdachi akamuuliza.

"Naona dengu, Bwana. Dengu nyekundu nyingi zimemwagwa sakafuni."

Badala ya kumfukuza, Bwana Daktari akavuta kiti. Alimweleza kwa Kiswahili chake kilichokatikakatika kwamba zile dengu ni chembe, na kwamba damu si maji mekundu kama watu wanavyodhani, bali ni umati wa chembe zinazoelea. Nyama nayo ni chembe, ngozi ni chembe, ini ni chembe, zimepangwa kama matofali ya tembe. Kila chembe ina ukuta wake mwembamba, na ndani yake nyingi zina kokwa, na kokwa ndiyo inayoshika amri ya nyumba.

"Nyingi, si zote," Yotham anasisitiza. "Chembe nyekundu ya ng'ombe haina kokwa. Ya mbuzi haina. Yangu na yako hazina. Ni duara, zimebonyea katikati. Hilo nililishika siku ya kwanza, sikujua kwamba litakuja kunigharimu mke."

Mke anayemsema ni Emilia, binti wa Mzee Ndahani wa Ipagala. Walikubaliana muda mrefu, na wazee wakapatana mahari ya ng'ombe tisa. Yotham hakuwa na hata mmoja. Kama ilivyo kwa vijana wengi wa Ugogo, ng'ombe wake wa kuolea wangetoka kwenye ndoa ya dada yake. Ruthu alipochumbiwa na familia ya Bahi, mwaka jana mwanzoni mwa kiangazi, ng'ombe tisa wakaja Msalato, wamenona, ngozi zinang'aa kwa majani mabichi ya mbugani. Walikuwa walale siku chache kwa mjomba wake, Mzee Chilewa, aliyemlea tangu baba yake afariki, kisha waswagwe mpaka Ipagala.

Lakini mwaka huo huo ilitoka amri kwamba ng'ombe wasihame kutoka zizi moja hadi jingine kabla damu yao haijapita kwenye darubini, kwa sababu ya ndigana, homa inayoletwa na kupe. Yotham mwenyewe ndiye aliyezunguka vijijini kuwafundisha wazee: toboa ncha ya sikio, gusisha tone kwenye kioo, livute kwa ukingo wa kioo kingine, kausha kivulini, funga kwenye karatasi upesi kabla nzi hawajalilamba. Nzi wa zizini wanaweza kulamba kioo kikabaki kitupu kama hakikuguswa.

Mzee Chilewa alipewa vioo tisa. Siku ya tatu akavileta mwenyewe ofisini, vimefungwa vizuri, na kila kimoja kikiwa na alama ya ng'ombe wake iliyochorwa kwa mkaa.

"Mbukwa, mpwa wangu," alisalimia kwa Kigogo akiviweka mezani. "Kazi yako hiyo. Harakisha, mkweo anangoja."

Yotham alivitia rangi jioni ile ile, akaimba mara sita, akaweka kioo cha kwanza chini ya darubini. Alidhani amechoka. Akafuta jicho la darubini kwa shati, akaangalia tena.

Chembe nyekundu hazikuwa duara. Zilikuwa ndefu kama punje za mpunga, na kila moja, bila kukosa, ilikuwa na kokwa nyeusi katikati. Kioo cha pili vile vile. Mpaka cha tisa.

Alijua ni nini, kwa kuwa masika yaliyotangulia kuku wa mjini walikufa kwa wingi, na Bwana Daktari alimtuma akusanye damu zao. Ndege, tofauti na ng'ombe, hubeba kokwa ndani ya chembe nyekundu. Ng'ombe tisa wa mahari yake walikuwa na damu ya kuku.

"Nilicheka kwanza," anasema. "Halafu nikakumbuka hamsa ishirini, kicheko kikaisha."

Viboko ishirini na tano ndiyo ilikuwa adhabu ya kudanganya katika habari za mifugo, na Mzee Chilewa hakuwa na mgongo wa kuhimili hata vitano. Yotham hakuandika chochote kwenye daftari. Asubuhi alimwambia Bwana Daktari kwamba vioo vya Msalato havifai, jambo ambalo lilikuwa kweli tupu, akaomba siku mbili za kwenda kuvichukua upya.

Mzee Chilewa anaikumbuka ziara hiyo bila haya. Tulipomkuta kwenye tembe lake, akisuka kamba ya ngozi, alisema jina lake liandikwe wazi, asije akasingiziwa mwingine.

"Andika, mimi ndiye. Katika ukoo wetu ng'ombe wa mahari hatoki damu akiwa njiani. Akishaingia kwenye lango la mkwe, hata wamkate kichwa, shauri lao. Lakini damu ikidondoka njiani, ndoa inavuja. Mama yake Yotham alikuwa dada yangu. Niende kuvujisha ndoa ya mtoto wake kwa ajili ya kipande cha chupa? Nikamchinja jogoo."

Jogoo gani?

"Jogoo wangu mwekundu, mwimbaji, asiye na mfano hapa Msalato. Sikutoa kifaranga. Damu ni damu, nilidhani. Na kama ni ya kuwakilisha ng'ombe tisa, basi iwe ya mnyama wa heshima."

Hakukusudia kuficha ugonjwa. Hakujua kama upo. Ng'ombe walikuwa wanakula na kucheua kama kawaida. Yotham aliwazunguka mmoja mmoja, akipapasa shingo zao, mpaka mkono wake ukasimama chini ya sikio la jike mmoja wa kijivu. Palikuwa na mtoki, tezi iliyovimba ukubwa wa yai la kanga, dalili ya kwanza ya ndigana. Akapapasa mwingine. Akapapasa wa tatu.

Hapo, anasema, ndipo alipokuwa na nafasi ya kunyamaza. Hakuna aliyeona ila yeye. Ng'ombe wangefika Ipagala kesho yake wakiwa wamenona, Mzee Ndahani angewahesabu na kutabasamu, na Emilia angekuwa mke wake kabla ya mavuno. Angeweza kuchukua damu ya ng'ombe yeyote mzima wa jirani, na darubini ingetoa cheti. Mtu wa kugundua alikuwa yeye mwenyewe.

"Nililala kwa mjomba, lakini kusema kweli sikulala," anasema. "Nilikuwa nawahesabu ng'ombe wa Mzee Ndahani. Ana arobaini na moja."

Asubuhi alimfuata mjomba wake zizini.

"Mjomba, sitatoa damu. Nataka maji ya mtoki tu."

"Maji yana rangi gani?"

"Meupe, kama ya mchele."

"Maji si damu," Mzee Chilewa akaamua. "Lakini ukinitolea tone jekundu hata moja, mpwa wangu, nitakudai jogoo."

Yotham alichoma mitoki kwa sindano nyembamba, akavuta, akapata majimaji meupe, akayapaka kwenye vioo na kuvifunika. Alitembea mpaka Dodoma bila kusimama. Upepo ulikuwa mkali, akavibeba vioo ndani ya shati.

Anachosimulia kuhusu jioni ile, anakisimulia taratibu, kwa sauti ya mtu anayesoma barua ya serikali.

Majimaji ya mtoki yamejaa chembe nyeupe, na hizo zina kokwa kubwa. Katika mnyama mzima zinatulia, na inayogawanyika ni moja moja. Inapogawanyika, kokwa hujivunja ikawa vijinyuzi, vijinyuzi hupangana katikati, kisha huvutwa nusu upande huu na nusu upande ule, kwa haki, kama ndugu wanaogawana urithi bila ugomvi. Halafu chembe hubanwa kiunoni, na zinakuwa mbili. Darubini haimwonyeshi ikitendeka, kwa maana chembe za kwenye kioo zimekufa. Humwonyesha moja iliyofia mwanzoni, nyingine katikati, nyingine mwishoni, naye huunganisha hadithi kichwani.

Katika vioo vya Msalato zilizokuwa zikigawanyika hazikuwa moja moja. Zilikuwa kila pembe. Na ndani ya chembe nyingi, kando ya kokwa, yalikuwepo madoa ya samawati yenye vijitone vyekundu. Hiyo ndiyo ndigana, kabla ng'ombe hajatoa chozi wala hajakohoa.

Aliona na jambo jingine. Kila chembe aliyoikuta inagawanyika, madoa yalikuwa pande zote mbili, kana kwamba mgeni anangoja mwenye nyumba agawe mali ili naye achukue fungu kila upande. Alimweleza Bwana Daktari. Bwana Daktari aliangalia mwenyewe na kuandika kitu kwenye daftari lake.

Kisha akauliza ng'ombe hao ni wa nani.

"Wangu," Yotham akajibu. Mpaka leo hajui kama alisema kwa sauti.

Zizi la Mzee Chilewa likafungwa kwa miiba, na majani yote ya kuzunguka yakachomwa kwa ajili ya kupe. Siku ya tano ng'ombe wa kwanza akaacha kula. Walikufa kwa zamu, wakitoa povu puani, na ilikuwa kazi ya Yotham kuchukua majimaji ya kila mmoja na kuandika tarehe. Mwisho wa mwezi kati ya tisa walibaki wanne, mbavu nje, akiwemo lile jike la kijivu.

Ipagala habari ilifika upesi kuliko gari la moshi. Emilia, msichana mrefu asiyemung'unya maneno, hakuipokea vizuri.

"Nilimkasirikia wiki tatu," anasema. "Nilikuwa nimekaa miaka miwili nawakataa watu kwa ajili yake, halafu yeye mwenyewe ndiye anayekwenda kusema ng'ombe wake wabovu! Wenzangu walinicheka kisimani. Walisema mchumba wangu anaolewa na darubini."

Na sasa?

"Sasa hasira imeisha. Angenyamaza, ningekuwa mke wake tangu mwaka jana, na baba yangu angekuwa anakamua miti."

Mzee Ndahani, kwa upande wake, hakutuma neno. Wachumba wengine wawili walikuja kwake katika miezi hiyo, mmoja na ng'ombe kumi. Yotham alizisikia habari hizo stesheni, akaendelea kuimba mara sita. Anakiri kwamba kuna siku alishindwa kufika mara ya nne.

Habari ya jogoo ilijulikana hatimaye, kwa kuwa Mzee Chilewa hawezi kutunza siri. Bwana Daktari alicheka mpaka akavua miwani. Kiboko hakikutajwa. Alichukua vioo vile tisa, akavitia kwenye sanduku lake, na sasa kila kijana anayeletwa kufundishwa kazi huanza kwa kuonyeshwa kimoja na kuulizwa huyu ni mnyama gani. Wengi hujibu ng'ombe, kwa kuwa alama ya mkaa inasema hivyo.

Yule jike wa kijivu alirudisha nyama mwilini. Baada ya masika akapandwa na fahali la mjomba, na sasa ana mimba ya miezi mitano. Yotham humtembelea kila Jumapili baada ya ibada, akaweka kiganja ubavuni mwake na kungoja teke.

Bwana Daktari aliwahi kumwambia jambo ambalo hakulisadiki mara moja: kwamba ndama huyo, na wewe, na mimi, na hata Kaizari kule Berlin, kila mmoja alianza kama chembe moja tu. Moja ikawa mbili, mbili nne, nne nane. Zikaendelea hivyo mpaka nyingine zikaamua kuwa moyo, nyingine kwato, nyingine jicho. Ni mgawanyo ule ule aliouona kwenye mitoki.

"Nilikuwa naogopa kuuona," anasema. "Kila nikikuta chembe imebanwa kiunoni, nawakumbuka ng'ombe wangu watano. Sasa najua humo tumboni inafanyika hivyo hivyo, usiku na mchana, na hakuna anayekufa."

Mpango wake ni mdogo. Anataka kujenga tembe Ipagala, karibu na wakwe, na kuchimba kando yake shimo la kuhifadhi maji ya mvua yasiyohitaji kufuli. Anataka Bwana Daktari amruhusu kufundisha vijana wawili kupaka vioo vya mitoki, ili wazee wanaokataa kutoa damu wapate njia. Zaidi ya yote alitaka jibu la Mzee Ndahani.

Jibu lilikuja Ijumaa iliyopita, kwa miguu. Mzee Ndahani aliingia ofisini na fimbo yake, akasimama mlangoni mpaka macho yalipozoea kivuli. Yotham akainuka, akamwamkia shikamoo, akampa kigoda, kisha akamwonyesha darubini. Kioo cha yule jike kilikuwa mezani, chembe zake safi, hazina doa la ndigana.

"Tazama, baba. Amepona."

"Macho yangu ni mazee, yatanidanganya. Wewe umetazama?"

"Nimetazama."

"Basi. Una ng'ombe wangapi?"

"Wanne, baba."

Mzee akatikisa kichwa. "Watano. Nasikia wa kijivu ana mimba."

"Huyo ndama bado, baba. Ana miezi minne mbele yake. Lolote linaweza kutokea. Hakuna aliyemwona."

Mzee Ndahani alijiegemeza kwenye fimbo yake, akakitazama kile chombo cha shaba mezani, kisha akamtazama Yotham.

"Ulisema ng'ombe wanaumwa, nao walikuwa wamenona," alisema. "Nilikwenda Msalato kwa siri, nikawaona kwa macho yangu, wazima. Nikasema kijana huyu ana wazimu. Wiki mbili baadaye wako walikuwa wanakufa, nami nikawahesabu arobaini na moja wangu jioni, wote wakaingia zizini. Mimi sasa nahesabu na wasioonekana. Lete watano, mkwe wangu. Huyo wa tumboni atanifuata akishajua kutembea."

Kisha akaomba maji ya kunywa, na Yotham akafungua kufuli.